Rangi za Kavumbi

Kadii wa Mwambire alirudi kwa ndugu yake Baya akiwa amebeba kikapu kimoja, na hakuna aliyemuuliza kilichomrudisha. Kule Vitengeni alikoolewa alikaa miaka mingi bila kupata mtoto. Mume akaoa wa pili, wa pili akazaa, na tangu hapo Kadii akawa anachota maji na kupika katika nyumba ile kama mtu aliyekodiwa. Siku aliyofunga virago vyake mume alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Alimtazama mpaka akapita, kisha akaendelea kuchonga.

Baya alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha korosho mjini Kilifi. Alikuwa amejenga nyumba ya udongo huko Kibaoni, vyumba vinne na ukumbi katikati, na chumba kimoja akikipangisha kwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Chumba cha nyuma, kilichopakana na jiko, akampa dada yake.

Mke wa Baya aliitwa Kavumbi. Wifi mtu humpokea vizuri akija kutembea. Huyu hakuja kutembea. Miezi ya kwanza wanawake wale wawili walisemezana yale yasiyoepukika tu: chumvi iko wapi, watoto wamekula, kuni zimekwisha. Kilichowakutanisha ni vitambaa.

Katika usichana wake Kadii alifanya kazi ya nyumbani kwa bibi mmoja wa Takaungu, na huko ndiko alikojifunza kushona mfarishi. Vipande vya nguo huungwa kwa mkono mpaka vikawa shuka moja. Chini yake hutandazwa leso kuukuu mbili tatu, na mgongoni huwekwa bafta, kitambaa cheupe cha pamba. Kisha zote hupigwa bandi, mishono ya mkono mstari baada ya mstari, mpaka zikashikana zikawa kitu kizito cha kutandika juu ya kitanda cha kamba, au cha kujifunika miezi ile ya kusi ambapo hata pwani watu hutetemeka. Kitanda alichopewa Kadii pale Kibaoni kilikuwa kamba tupu. Akachana gauni lake la zamani, akaomba vitambaa viwili vitatu kwa majirani, akaanza kujishonea.

Kavumbi akawa anapita, anatazama, anapita tena. Mwisho akasimama.

"Wifi, hicho chekundu ukikiweka hapo kitakula wenzake wote."

"Kitambaa kinakulaje?"

"Kisogeze uone."

Kadii alikisogeza ili kumnyamazisha tu. Akaona. Vile vipande vingine, ambavyo dakika ile vilikuwa matambara, vikawa na rangi.

Tangu hapo wakawa wanashona pamoja, ingawa kushona hasa ilikuwa kazi ya mmoja. Mishono ya Kavumbi ilikuwa mirefu na imelegea, kama ya mtu anayefunga gunia. Yeye kazi yake ilikuwa kuchagua. Ndiye aliyekwenda sokoni kwa mafundi wa cherehani kuomba mabaki, akirudi na mfuko kichwani, akavimwaga vitambaa juu ya jamvi, akafumba jicho moja na kuvitazama kimya kwa muda mrefu. Aliweza kuokota kipande cha sare ya shule, kijani kilichopauka ambacho mtu hangekitumia hata kufutia taa, akakiweka katikati ya vitenge vya harusi, na vile vitenge vikawa kama vimewashwa moto. Ukimuuliza kwa nini pale, alisema hajui. Akishapanga, Kadii alivaa subana yake ya kukingia sindano kidoleni na kushona, mishono midogo, iliyonyooka, isiyoonekana ilikoanzia wala ilikoishia.

Mifarishi ile ilipata jina. Akina mama wenye mabinti wa kuolewa walikuja kutoka Tezo na Takaungu. Mwanamke mmoja wa Malindi alikuja akaagiza wa mjukuu wake, akarudi kuagiza wa pili. Wanawake wa hoteli za Bofa waliwaletea mapazia yaliyochanika. Kavumbi alikuwa mtu wa haya. Mgeni akibisha hodi aliinuka akaenda jikoni, akamwacha Kadii azungumze naye. Kwa hiyo watu wakasema: mifarishi ya Kadii, mikono ya Kadii. Kadii hakuwasahihisha, Kavumbi hakulalamika, na pengine hakuna kati yao aliyeona kwamba pana jambo la kusahihishwa.

Mwaka wa themanini na tatu, masika yalipoanza, Kavumbi aliacha kula. Kwanza walidhani ni malaria. Kisha macho yake yakageuka manjano na tumbo likajaa. Baya alimpeleka hospitali, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Ndugu zake wakampeleka kwao Ganze kutafutiwa dawa za miti. Kadii alimfuata huko, akamkuta amelala ubavu kwenye mkeka, mikono imekonda, bado anaulizia kama yule mama wa Tezo aliyeagiza mfarishi wa binti yake alikuja kuchukua mzigo wake.

"Alikuja," Kadii alimwambia. "Aliufurahia."

"Ile samawati ya pembeni aliiona?"

"Aliiona."

Mama wa Tezo hakuwa amekuja; mfarishi wake ulikuwa bado nusu. Kavumbi alifumba macho, na hawakuzungumza tena juu ya kazi. Alifariki wiki hiyo hiyo. Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu alfajiri, kaburi likawa linaingia maji, na vijana walikuwa wakiyachota kwa debe huku jeneza likingoja chini ya kipande cha turubai.

Katika matanga, wanawake walikuja kuketi karibu na Kadii mmoja mmoja kumpa pole. Mmoja akamshika mikono yote miwili akaibana. "Ushukuru, mwenzangu," alisema. "Mungu amekuachia hii. Mwenye kazi hana upweke." Kadii aliitazama mikono yake ndani ya mikono ya yule mwanamke. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua, na mtu wa pili aliyelijua walikuwa wametoka kumfukia.

Mfarishi ule wa nusu Baya aliuchukua vile vile, bila leso ndani wala bafta mgongoni, akawa anajifunika. Kadii alimwambia aurudishe amalizie. Baya alikataa. Aliutumia mpaka viungo vikaachana, kimoja kimoja, na hakuna aliyeviokota.

Miezi ilipopita Kadii alijaribu kurudi kwenye kazi. Palikuwa na yule mama wa Tezo, Nyevu, aliyekuwa akingoja mfarishi wa binti yake kabla hata msiba haujatokea. Kadii alivimwaga vitambaa juu ya jamvi kama alivyokuwa akifanya mwenzake. Alifumba jicho moja. Aliona vitambaa. Alivipanga akavipangua, akavipanga tena, na kila alipovitazama havikumwambia lolote: hiki chekundu, hiki cha maua, hiki cheupe chenye doa. Alikaa hapo mpaka mgongo ukamuuma. Mwisho aliviunga kwa kukisia, akajiambia mishono mizuri itafunika yaliyobaki.

Nyevu alikuja kuuchukua. Aliufungua, akautazama, akasema, "Mishono yako ni ile ile, dada," kisha akaukunja haraka. Ilikuwa adabu yake. Miezi michache baadaye Kadii alipita Tezo akienda kumzuru mgonjwa, akauona mfarishi ule umetundikwa kwenye dirisha la jiko la Nyevu kuzuia upepo usipeperushe moto. Moshi ulikuwa umekwisha kuushika upande mmoja. Alipita bila kupiga hodi.

Basi akaacha. Hakutangaza. Mfuko wa vitambaa aliusukuma chini ya kitanda, panya wakaingia wakazalia humo. Subana aliiweka kwenye kopo la chai pamoja na misumari. Watu walipokuja kuuliza, alisema macho yamemharibikia, na kwa kuwa alikuwa ameanza kuwa mtu mzima hakuna aliyemshuku.

Akawa anasuka makuti. Ni kazi isiyotaka macho wala moyo: unakunja, unapitisha, unakaza, unaweka kando. Wenye nyumba waliyanunua kwa kuezekea. Mwaka uliofuata ulikuwa wa njaa, ule mwaka wa mahindi ya manjano, na katika nyumba nyingi za Kibaoni hakuna aliyekuwa akifikiria mifarishi. Kadii alilea watoto wa Kavumbi, akapika ule ugali wa manjano ambao watoto waliula wakilia, akasuka. Usiku alilala mapema. Kulikuwa na siku ambazo tangu asubuhi mpaka jioni hakutamka neno ila kuwaita watoto wale.

"Dada," Baya alimwambia mara moja, "watu bado wanakuuliza."

"Waambie macho."

"Nawaambia. Lakini mimi nakuona unavyoyasuka hayo makuti. Huyatazami."

"Ndiyo maana nayasuka."

Baya hakumuuliza tena. Naye alikuwa na yake. Alikuwa akitoka kazini anapitia kwenye pombe ya mnazi, anarudi usiku amekwisha lala kabla hajalala.

Mwaka wa themanini na tano, chumba cha kupangisha kikapata watu wapya. Mwanamume aliitwa Phineas Thuku, fundi wa mitambo kwenye feri ya Kilifi, mtu mrefu asiyesema sana ambaye nguo zake hazikutoka harufu ya grisi. Mkewe alikuwa Jedida, binti wa Kinangop, mwembamba, mchangamfu, na mjamzito wa miezi ya mwanzo. Joto lilimtesa. Alikuwa akishinda ukumbini amelowesha leso na kuiweka kichwani, akisalimia kila apitaye. Aliwasikia watoto wakimwita Kadii shangazi, naye akamwita hivyo hivyo.

Mimba ilipoanza kuonekana, Jedida alikwenda sokoni akarudi na kifurushi cha mabaki ya nguo. Alikuwa ameona mfarishi kwa mke wa askari mmoja pale jirani, akaupenda. Alitaka wa mtoto. Angekwenda kujifungulia kwa mamake, na kwao, alisema, asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi kama mtu amezimwagia chumvi.

"Shangazi, wanasema wewe ndiye ulikuwa unajua hii kazi."

"Nilikuwa. Macho sasa hayanisaidii."

"Pole. Basi nitajaribu tu mwenyewe."

Akajaribu. Kila alasiri aliketi kwenye kivuli cha nyuma, miguu imenyooshwa, akishona. Upande wa pili wa ua Kadii alikuwa na makuti yake. Alimwona yule msichana anaweka maua juu ya maua, njano kando ya njano nyingine inayokaribiana nayo lakini si yenyewe, na katikati ya yote akakita kipande cha satini cha waridi kinachong'aa kama jino la dhahabu. Kadii aligeuka akakaa akitazama ukuta. Kesho yake aligeuka tena. Alijisikia kuwashwa, kama mtu aliyekalia mchanga. Kwa muda mrefu hakuwa amejisikia chochote mchana, na hakulipenda jambo hilo.

Siku moja hakuvumilia.

"Hicho kiondoe."

Jedida aliinua uso. "Kipi, shangazi?"

"Hicho kinachong'aa. Kinapiga kelele, mtoto hatalala."

Jedida alicheka, akakifumua. "Sasa niweke gani?"

"Hicho cha kaki. Hapo chini ya goti lako," Kadii alisema akinyoosha kidole.

Kilikuwa kipande cha suruali ya kazi, kimepauka, kimechujuka kwenye mshono. Jedida alikiweka pale bila kuamini. Kisha akaacha kucheka. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Shangazi," alisema polepole, "ulisema macho yako ni mabaya. Kutoka huko ulipokaa umeona kaki chini ya goti langu."

Kadii aliliweka chini kuti alilokuwa akilisuka, akainuka, akaingia chumbani mwake akafunga mlango. Alilala kifudifudi juu ya kamba. Hakulia. Mkono wake ndio ulionyoosha kidole, na kidole kilijua, kabla yeye hajajua. Alijiuliza hilo limetoka wapi, akajiuliza lilikuwapo tangu lini, na kama lilikuwapo siku ile ya kitambaa cha Nyevu, kwa nini halikuja.

Jioni alitoka akamkuta Jedida jikoni anamenya viazi. Aliketi kwenye kibao karibu naye.

"Macho yangu hayana kitu," alisema. "Nilisema uongo."

"Nilijua."

"Rangi hazikuwa zangu. Watu walisema Kadii, Kadii. Mwenye kuchagua alikuwa mke wa Baya, mamake watoto hawa. Mimi nilikuwa sindano tu. Yeye alipokufa nilijaribu, nikatoa kitu cha kuzibia dirisha. Nikaona basi, kumbe mimi sikuwa na chochote, nilikuwa nimekalia kiti cha mtu."

Jedida aliendelea kumenya. Alikuwa bado mdogo, hajafika miaka ishirini na tano. Mwisho akasema, "Lakini shangazi, ile kaki uliichagua wewe."

"Labda nilimkumbuka yeye tu."

"Yeye angeweka kaki?"

Kadii alifikiri. Aliliona lile jamvi, lile jicho lililofumbwa.

"La," alisema. "Yeye angeweka kitu cha kuwaka."

Walishona pamoja baada ya hapo, Jedida akishika ncha hii na Kadii ile. Kadii aliitoa subana kwenye kopo, akaisugua kwa mchanga mpaka kutu ikatoka. Kazi haikuwa furaha. Vidole vilikuwa vimekuwa vigumu kwa makuti na sindano ilimtoka kila mara. Kulikuwa na siku aliamka akiwa mzito, akapita kwenye kile kitambaa kama hakijui, na Jedida akashona peke yake, vibaya, mpaka Kadii akaudhika akaja kumnyang'anya. Polepole aliona kwamba anachokichagua hakifanani na cha Kavumbi hata kidogo. Mkono wake ulikwenda kwenye rangi za majivu, rangi ya chai, buluu ya kitambaa kilichofuliwa kikachoka. Halafu mahali pamoja tu, peupe. Jedida aliutandaza siku moja juu ya tumbo lake kubwa akautazama.

"Ni kama siku ya mvua," alisema.

"Huupendi?"

"Naupenda. Kwetu mvua ni kitu kizuri."

Waliumaliza kabla ya safari. Phineas alimsindikiza mkewe mpaka Mombasa akampakia basi la bara, mfarishi ukiwa juu kabisa ya mizigo ndani ya kikapu. Kadii alibaki na vipande vichache juu ya jamvi. Hakuanza mwingine, wala hakurudi kwenye makuti. Alikuwa akingoja yule msichana arudi, amwonyeshe mtoto ndani ya ule mfarishi.

Ilipita miezi. Phineas alikwenda bara kwa haraka siku moja bila kumwambia mtu sababu, akarudi baada ya majuma, amekonda. Alikuja nyuma ya nyumba ambako Kadii alikuwa akipepeta mchele, akavua kofia, akasimama.

"Keti, mwanangu," Kadii alimwambia, akiwa ameshamwona usoni.

Phineas alichuchumaa. "Mtoto alizaliwa mzima," alisema. "Wa kike. Alikaa siku chache, kisha kifua kikambana. Hospitali iko mbali na barabara ilikuwa tope."

Kadii aliweka ungo chini.

"Na mama yake?"

"Yupo. Anakula kidogo. Hataki kurudi huku, anasema huku kuna jua, na watu watamsalimia." Alitazama mikono yake. "Ule mfarishi tulimzika nao. Jedida ndiye aliyesema. Mamangu hakutaka, alisema kitu kizuri hivyo. Lakini tulifanya alivyosema."

Kuku waliujia ungo, na hakuna kati ya wale wawili aliyewafukuza.

"Amenituma kwako," Phineas alisema. "Anaomba umshonee mwingine. Mkubwa, wa mtu mzima. Nilimuuliza rangi gani, akasema nisikuambie kitu. Akasema uchague wewe."

Alipokwisha kuondoka, Kadii alikaa pale pale mpaka kivuli kikamhama. Siku ile hakupika. Baya alirudi akawakuta watoto wanakula mihogo mibichi, akamkuta dada yake kwenye kibao, naye Baya kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuwa amelewa. Alisimulia baadaye kwamba alimwogopa, alidhani amepatwa na kiharusi. Alimwita mara kadhaa kabla hajaitika. Alipoitika, alisema tu, "Kesho nitakwenda sokoni."

Miaka yote ile Kadii hakuwa amewahi kwenda mwenyewe kwa mafundi kuomba mabaki. Fundi mkubwa alikuwa Ngala, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa na cherehani yake barazani karibu na wauza nazi. Kadii alimsalimu, akaeleza anachotaka. Fundi alimtazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye wifi yake yule marehemu?"

"Ndimi."

"Yule bibi alikuwa akichagua kitambaa kama mtu anayechagua samaki. Anakifunua, anakaribia kukinusa." Akavuta gunia kutoka chini ya meza. "Sikuwahi kuiona kazi yenyewe. Nilisikia tu kuna wifi yake anashona."

Kadii alisimama na maneno hayo. Duniani, basi, alikuwapo mtu aliyemjua Kavumbi kuwa ndiye mwenye kazi, na yeye kuwa wifi tu anayeshona. Alitegemea yatamchoma. Yalimchoma, lakini yalimpoza pia, na hakuweza kuyatenganisha. Alichuchumaa mbele ya gunia akaanza kufunua. Aliweka kando vyote vya maua. Alichukua kijivu cha suti ya mzee fulani, nyeusi iliyopauka ikawa kama maji ya kahawa, kipande cha kanzu, ukanda mrefu wa zambarau iliyoiva sana. Alikifunua kitambaa cha satini, akakirudisha. Fundi Ngala aliendelea na cherehani yake bila kumtazama.

Kazi ile ilimchukua sehemu kubwa ya mwaka. Alishona akafumua. Pembe moja hakuipatia kamwe. Aliifumua mpaka kitambaa kikaanza kutoboka kwenye mashimo ya sindano, akaiacha ilivyo. Hakufumba jicho moja. Alitazama kwa yote mawili, kwa karibu, na mara nyingine akaamua kwa kupapasa, akiwaza mtu anayelala mahali penye baridi na hataki kusalimiwa. Ile zambarau aliikata vipande vidogo sana akaitawanya mahali ambapo mtu hataiona mpaka ajifunike mpaka kidevuni. Baya alikuja akasimama mbele ya mfarishi ukiwa umetandazwa ukumbini.

"Huu si kama ile yenu," alisema.

"Si kama ile."

"Ile ilikuwa inachekesha moyo."

"Ilikuwa yake, Baya."

Baya alipiga goti akaupitisha mkono juu yake, kwenye mishono, mbele na nyuma. Kisha akaenda nje.

Phineas aliuchukua alipopata likizo. Hakurudi Kibaoni. Palisemwa kwamba alipata kazi huko huko bara, mara ikasemwa Nakuru, na mtu mwingine akaja na karatasi yake kuchukua kitanda na jiko walivyoviacha. Kadii alimuuliza mtu huyo habari za Jedida, hakumjua. Alitumwa vitu tu. Kwa hiyo Kadii hakupata kusikia kama mfarishi ulifika, wala kama yule binti aliuona, na miaka ilivyozidi kwenda aliacha kuwauliza watu wa bara kama wanamjua mtu wa Kinangop aitwaye Jedida.

Chumba kilichukuliwa na seremala mwenye redio. Masika yakaingia. Nyumba ilinuka unyevu, kuta zikavimba kwa chini, na vitambaa vilivyokuwa juu ya jamvi vikawa na ukungu mdogo mdogo ambao ilibidi kuukung'uta. Watu waliokuja kuagiza walikuwa wachache kuliko zamani, na wengine waliufungua mfarishi mmoja, wakaukunja, wakasema watarudi. Kadii aliwatakia heri. Asubuhi, watoto wakishakwenda shule, aliivaa subana akavuta jamvi karibu na mlango ambako palikuwa na mwanga, akaketi na mfarishi ambao hakuna mtu aliyeuagiza. Ulikuwa wa rangi za tope, na alikuwa ameufumua mara mbili, na siku hiyo alikuwa na wazo kuhusu upande wa kushoto.